Farasi wa bahari na samaki wadogo wa kukaa naye tangi moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi

Ukurasa huu ni wa wale ambao tayari wana tangi la maji ya chumvi, au wako mbioni kulianzisha, na wanataka kuwawekea farasi wa bahari majirani wawili watatu. Maswali yametoka kwa wenye nyumba wa Malindi na Watamu, mafundi wanaotunza matangi ya hoteli, na jamaa wa Lamu wanaopiga simu usiku samaki akishaanza kulala ubavu. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Je, ni lazima farasi wa bahari awekewe samaki wa aina nyingine?

La. Akiwa na farasi mwenzake wa aina yake, maji safi na chakula cha kumtosha, hana haja na jirani. Samaki wa ziada ni kwa ajili ya macho yako na ya wageni wako. Hilo si baya, ila ukumbuke tangi lile ni la nani. Pakitokea ugomvi, anayeondoka ni yule aliyekuja baadaye, hata kama ndiye mzuri zaidi na ndiye aliyekugharimu zaidi.

Kwa nini basi wanaofaa ni wachache hivyo?

Mtazame anavyokula. Kipande cha kamba mdogo kinashuka mbele yake. Jicho moja linakifuata na la pili linaangalia kwingine kabisa, maana macho yake huzunguka kila moja kivyake. Anasogea kidogo, anainamisha kichwa, anapima. Kipande kinapita zake. Kinakuja cha pili, anapima tena. Mara unasikia "tk", na ukiwa karibu na kioo utaisikia kweli, na kipande hakipo. Hana meno, wala hana mfuko wa tumbo wa kuweka akiba. Alichokivuta kwa mdomo wake wa mrija hupita upesi, ndiyo maana hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, kila siku, hata sikukuu ya Idi.

Mzee asiye na meno akikalishwa sinia moja ya biriani na vijana waliotoka uwanjani, hakuna atakayemdhulumu kwa makusudi, lakini atainuka na njaa. Ndivyo yanavyomfika farasi wa bahari kati ya samaki wa mwambani. Samaki wengi wa matumbawe huvamia chakula kikigusa maji tu, na farasi bado hajaamua kipande kipi. Kukimbilia hawezi. Kinachomsukuma ni pezi dogo la mgongoni, ambalo hupiga hadi mara 35 kwa sekunde na bado mwendo wake ni wa kubembea. Wengi husema farasi wao alikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na ukiuliza tangini alikuwa na nani, unajua kwamba ilikuwa njaa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, usianze kwa kuuliza kama samaki ni mkali. Uliza anakula vipi. Muombe muuzaji amtupie chakula ukiwa hapo hapo. Akikimaliza kabla hujapepesa jicho, mwache. Baada ya hapo ndipo uulize kama ana tabia ya kudonoa mikia na mapezi, na kama ametoka kwenye tangi safi.

Haya, tutajieni wanaofaa.

Gobi wadogo ndio chaguo letu la kwanza. Wapo gobi wa manjano wa jenasi ya Gobiodon, vijisamaki visivyozidi kama sentimita sita, ambao siku nzima hukaa juu ya tawi la tumbawe na kudaka kinachopita. Hawamfukuzi mtu. Ngozi yao ina ute mchungu unaowafanya wasiliwe ovyo. Mmoja wao, Gobiodon citrinus, hupatikana hata katika Bahari ya Hindi yetu hii. Kasoro yao ni kwamba ukifuga matumbawe magumu ya matawi watayadonoa. Kwenye tangi la farasi wa bahari kwa kawaida matumbawe hayo hayapo, kwa hiyo si neno.

Gobi mwingine ni yule mweusi mwenye mstari wa buluu inayong'aa kutoka puani hadi mkiani. Asili yake ni bahari za Karibiani na Florida, urefu kama sentimita tano, na kwao ni msafishaji wa vimelea kwenye miili ya samaki wakubwa. Mara moja moja atamtua farasi wako mgongoni na kumkagua. Farasi wengi huvumilia.

Kisha yuko Nemateleotris magnifica, mweupe mbele, mwekundu nyuma, na uzi mrefu umesimama mgongoni. Makao yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki na kuvuka hadi Pasifiki. Ni mwoga kuliko farasi mwenyewe, na huo ndio uzuri wake. Lakini akishtuka huruka. Tangi lisilo na kifuniko cha wavu, asubuhi utamkuta amekauka sakafuni, na paka wa Lamu hata hasubiri asubuhi.

Samaki kadinali nao ni watulivu, huning'inia majini bila papara. Kadinali wa Banggai, mwenye milia myeusi na madoa meupe, hupendwa sana. Anatoka visiwa vya Banggai nchini Indonesia, na tangu 2007 amewekwa kati ya samaki walio hatarini kutoweka kwa sababu ya kuvuliwa mno kwa biashara ya matangi, kwa hiyo nunua aliyezalishwa kwenye matangi. Mweke mmoja, au wawili waliokwisha kuelewana. Wakiwa wawili na dume ameshika mayai mdomoni, hujitengea kona yao na kuilinda. Kadinali wa mikoko, Sphaeramia orbicularis, ni wa pwani hii hii na ana tabia zile zile za upole.

Mandarini, yule wa rangi za buluu na chungwa kama kitenge kipya, hamsumbui farasi hata kidogo. Shida ni ya kwake mwenyewe. Yeye hudonoa vijidudu vya kopepodi juu ya mawe mchana kutwa, na tangi changa halina vya kumtosha. Mandarini wengi hufa polepole kwa njaa wenye tangi wakidhani wameshiba. Kama tangi lako halijatimiza mwaka na halina mawe mengi yaliyokomaa, usimguse.

Tutamwacha nje samaki blenni, ingawa wapo wafugaji wanaomsifu. Mmoja atakula mwani na kutulia, ndugu yake atakuwa mchokozi, na dukani huwezi kuwatofautisha.

Watoto wanamtaka yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Je, inawezekana?

Inawezekana kwa muda. Akiwa mdogo, mmoja, na amezaliwa tangini, anaweza kukaa miezi bila vurugu. Akipata mwenzake, wanachukua upande mzima wa tangi na kumpiga kumbo kila apitaye. Pia mtu akishakuwa naye hukosa raha mpaka amnunulie anemoni, yule mnyama kama ua mwenye minyiri inayochoma, na anemoni ni hatari kwa farasi wa bahari kama tutakavyoeleza. Wafungulieni watoto tangi la pili.

Nani asiingie kabisa?

Kikande na bunju, kwa meno yao. Kangaja, kwa mbio zake na kwa kuhitaji nafasi kubwa. Vipepeo, kwa kudonoa. Tewa, mkunga, na yule mwenye mapezi marefu ya miiba ya sumu, kwa sababu siku moja watammeza. Tewa wa sentimita tano anapendeza sana, mwakani hapendezi. Ongeza wale samaki wadogo wa milia myeusi na njano ambao mwogeleaji wa snorkeli akishuka tu wanamzingira wakitaka mkate. Wadogo kweli, lakini hakuna wakali kama wao kwa kipimo chao.

Samaki msafishaji wa milia ya buluu, Labroides dimidiatus, naye tunamkataa. Tangini hana wateja wa kutosha, atamsumbua farasi siku nzima na mwishowe atakufa. Halafu yuko blenni mmoja anayefanana naye kwa rangi na mwendo, hujipitisha kama msafishaji kisha hung'oa kipande cha ngozi. Wote wawili wapo kwenye miamba yetu.

Kamba, kaa na konokono je?

Konokono ndio wafanyakazi bora utakaowapata. Wapo wadogo wa jenasi ya Nassarius wanaolala ndani ya mchanga na kuchomoza pua ya mrija wakisikia harufu ya chakula. Dakika kumi baada ya kulisha, mabaki yote yamepata wenyewe. Hawa waongeze bila wasiwasi, kwa sababu mabaki ya chakula ndiyo yanayoharibu maji ya farasi wa bahari kuliko kitu kingine.

Ila usiokote konokono ovyo ufukweni. Makombe ya koni, yale yenye umbo la pia na marembo mazuri, mengine yana mnyama mwenye mshale wa sumu. Conus geographus hula samaki na amewahi kuua watu. Huyo asiingie tangini wala mfukoni.

Kamba msafishaji, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, anafaa, ingawa hana adabu: atampandia farasi kichwani na kumpokonya kipande mdomoni. Mpe chake kwanza upande mwingine. Kamba wadogo sana usiwatarajie wadumu, kwani farasi mkubwa atawaona ni chakula. Yule mwenye mikono mirefu ya milia myekundu na myeupe, Stenopus hispidus, ana makucha ya kubana mkia, mwache. Kaa wote waache, isipokuwa wale wadogo kabisa wanaovaa makombe, na hata hao chunga wakikua.

Kwa nini anemoni amekatazwa, na matumbawe yapi yanaruhusiwa?

Farasi wa bahari hakai bila kushika kitu. Mkia wake unatafuta pa kujifunga usiku na mchana, na hauchagui. Akijifunga kwenye anemoni, huchomwa na hana mbio za kujinasua. Hivyo hivyo kwa matumbawe yenye minyiri mirefu yenye sumu na tumbawe la moto. Yanayofaa ni matumbawe laini, ya uyoga, na yale yenye umbo la matawi ya mti yanayopinda majini, ambayo humpa pa kushika. Mwani wa kufugwa unafaa pia, na majani ya plastiki yasiyo na ncha kali ni sawa kabisa. Farasi hajali kama ni ya kweli.

Angalia vianemoni vya kahawia vinavyokuja vimejificha kwenye mawe. Vikiingia huzaana kama uyoga wa mvua ya masika.

Tangi liwe la ukubwa gani?

Farasi wawili wa ukubwa wa kati, kama Hippocampus kuda, wanataka lita 110 au zaidi, na kimo kisichopungua sentimita 45. Kimo ndicho cha kwanza, maana huogelea wima, huchumbiana wakipanda na kushuka, na dume huhitaji nafasi wakati jike anamwekea mayai katika mfuko wake. Ukitaka samaki wawili watatu wa ziada, anza na lita 180 hivi. Mdomo wa pampu ufunikwe sifongo, la sivyo mkia utaingia.

Bahari ya hapa ni ya joto na farasi wanaishi humo. Kwa nini mnasema tangi lipozwe?

Hili ndilo swali ambalo watu wa Malindi hutubishia zaidi, na wana haki ya kubisha. Maji ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 kulingana na msimu, na farasi wapo kwenye majani ya bahari wakiishi. Lakini baharini kinyesi na mabaki huchukuliwa na maji yakupwayo na kujaa. Tangini hubaki hapo, na joto likipanda bakteria huzaana, hasa wale wa jamii ya Vibrio, ambao ndio wauaji wakubwa wa farasi wa bahari wanaofugwa. Wafugaji wengi huweka nyuzi 22 hadi 24. Kwa aina za kitropiki joto hilo halina madhara, na gobi na kadinali waliotajwa hapo juu wanaliweza.

Sebule ya Malindi mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imelegea, hupita nyuzi 30 saa nane za mchana. Feni inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili tatu, ingawa unyevu wa pwani huipunguzia nguvu. Maji yanayopotea kwa kukauka yajazwe na maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usijaze ya chumvi, kwa sababu chumvi haikauki na maji. Chupa za barafu ni za dharura tu, kwani joto linalopanda na kushuka humchosha farasi kuliko joto lenyewe. Kwa tangi la kudumu nunua mashine ya kupoza maji. Ni ghali, na ndiyo gharama ambayo watu huiruka kisha wakanunua farasi mara tatu.

Na ukiuziwa farasi mwenye tumbo kubwa wa Australia, Hippocampus abdominalis, jua kuwa huyo ni wa maji ya baridi hasa, chini ya nyuzi 20. Pwani hii si pake.

Mjomba wangu ni mvuvi, ameniletea farasi wa bahari kwenye ndoo. Nimfanyeje?

Mshukuru mjomba, kisha mrudishe baharini leo leo, penye majani ya bahari karibu na alikovuliwa. Usisubiri kesho umwonyeshe jirani.

Sababu ni mbili. Farasi wa porini hakijui chakula kilichogandishwa. Anataka kinachotikisika, na wengi hufa kabla hawajajifunza. Pia huja na vimelea. La pili ni sheria: farasi wote wa bahari duniani wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika kwao Mei 2004, na hapa Kenya mwenye mamlaka ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayefuga anunue waliozalishwa kwenye mashamba, wenye hati. Hippocampus kuda, reidi na erectus huzalishwa na kuuzwa kihalali, wameshazoea chakula cha friza, na tofauti yao na wa porini utaiona siku ya kwanza.

Ukipata nafasi, zungumza na mjomba kuhusu juya. Nyavu zinazokokotwa chini juu ya majani ya bahari ndizo zinazowazoa farasi hawa pamoja na vitoto vya tafi na changu, na ndiyo maana zimepigwa marufuku.

Basi gobi na kadinali nijiokotee mwenyewe mwambani?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, hapana, hata kombe tupu. Hifadhi hiyo na ya Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na humo hakivuliwi kitu. Nje yake, kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni ya idara ya uvuvi. Kwa wa Lamu, ulizeni kwanza mipaka ya Hifadhi ya Kiunga kabla ya kushusha wavu.

Samaki mpya amefika. Nimtie tangini leo?

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye tangi la farasi wa bahari mgeni akiingia bila kukaguliwa mwenyeji hafiki mwisho wa mwezi. Farasi hana magamba, mwili wake ni ngozi nyembamba juu ya mabamba ya mfupa, na dawa nyingi za samaki, za shaba hasa, humwia kali. Maana yake ni kwamba ugonjwa ukishaingia tangini una njia chache za kuutoa.

Weka ndoo au kitangi kidogo pembeni, chenye filta ya sifongo na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Mgeni akae humo wiki nne hadi sita. Tazama vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, kupumua kwa haraka, kujikwaruza kwenye bomba, kinyesi cheupe cha uzi. Mfundishe humo kula chakula utakachowapa wote. Wiki sita ni ndefu, tunajua, na mwenye hoteli anataka tangi lipendeze kabla wageni wa Desemba hawajaingia. Basi aanze Oktoba.

Kitangi hicho kiwe na wavu na ndoo zake. Wavu mmoja kwa matangi mawili ni sawa na kutokuwa na karantini.

Tuwalishe vipi wakiwa pamoja?

Zima pampu. Wape gobi na kadinali kwanza, kona ya mbali. Wakishughulika, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lifungie mrija mrefu, uteremshe chakula cha farasi polepole kwenye kombe la chaza ulilolilaza mahali pamoja kila siku. Ndani ya wiki mbili farasi watakuwa wanakusubiri hapo wakikuona tu na bomba mkononi. Dakika 20 zikipita, nyonya mabaki kwa bomba hilo hilo na uwashe pampu.

Chakula kinachotumika dunia nzima ni misisi, kamba wadogo waliogandishwa. Mombasa na Nairobi hupatikana kwa shida na bei yake haisemeki. Tulio huku tuna uduvi. Sio ule mkavu wa sokoni, ambao una chumvi na mchanga na umepoteza virutubisho. Tafuta mbichi kutoka kwa wavuvi asubuhi, waliovuliwa mbali na mto, uoshe kwa maji baridi, uchague wadogo wanaoingia kwenye mdomo wa mrija, uwagandishe kwa vifungu vya mlo mmoja mmoja. Uduvi mrefu kuliko pua ya farasi mkate vipande. Ukiweza, changanya na misisi ya dukani mara chache kwa wiki, kwani ile hutiwa vitamini.

Naweza kutumia maji ya bahari moja kwa moja?

Ndiyo, kama umeyateka mahali pa haki na wakati wa haki. Mto Sabaki humwaga tope jekundu kaskazini ya mji, na msimu wa mvua, kaskazi ikivuma, tope hilo hufika hadi ghuba ya Malindi. Maji ya rangi ya chai usiyachukue. Teka maji yakiwa yamejaa, nje ya mawimbi, mbali na mifereji ya hoteli na boti zinapotiwa mafuta. Yachuje, yaweke gizani kwenye mapipa yaliyofunikwa wiki mbili au zaidi, kisha upime chumvi. Amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki, ziwe sifuri kabla samaki yeyote hajaingia, na nitreti isizidi miligramu 20 kwa lita.

Stima ikikatika?

Pampu ya hewa ya betri iwe tayari, na inayojiwasha yenyewe ni bora. Usilishe mpaka umeme urudi. Funika tangi kwa shuka upande wa jua.

Naweza kuchanganya aina mbili za farasi wa bahari, au kumweka na yule samaki mwembamba kama sindano ambaye ni ndugu yake?

Usifanye. Ni ndugu kweli, wa ukoo mmoja wa Syngnathidae, na ndiyo sababu yenyewe: kila kundi hubeba vijidudu ambavyo limeshavizoea na jingine halijavizoea. Hata Hippocampus kuda wa shamba moja na kuda wa shamba jingine, tungewatenga kwanza.

Dume amezaa. Majirani watawameza watoto?

Watawameza wote, kabla hujamaliza kuwahesabu. Dume mmoja anaweza kuachilia mamia, kila mmoja kama ukucha wa mtoto mchanga, na hata gobi mpole hufungua mdomo. Ukiona mfuko umejaa na dume ameanza kujitenga, mhamishie kitangi cha peke yake chenye maji ya tangi lile lile. Kulea watoto ni kazi nyingine, inayotaka chakula hai cha kopepodi na atemia kila saa chache, na ukurasa huu hauitoshi.

Nitajuaje kwamba jirani niliyemchagua hafai?

Mtazame farasi, achana na yule mwingine. Farasi aliyestarehe hubadilisha rangi kwa wepesi, hujifunga mkia sehemu wazi, na husogea kombe likiteremshwa. Anayesumbuliwa hukaa nyuma ya jiwe, rangi yake huiva kuwa nyeusi, na chakula kikija hugeuza uso. Chunguza pia ubavu wake ukiwa umechuchumaa usawa wa kioo: mabamba ya mfupa yakianza kuonekana kama ngazi na tumbo likiingia ndani, amekosa kula siku kadhaa. Angalia ncha ya mkia ikiwa na kidonda cheupe, maana mara nyingi hudonolewa hapo, usiku, taa ikiwa imezimwa na wewe umelala.

Dalili mbili zikionekana pamoja, mtoe jirani siku hiyo hiyo. Kitangi cha karantini ulichokiweka pembeni bado kina kazi, kwa hiyo usikivunje wala usikiazime kwa mtu.